Pendo wa Kwenye Dungu

Wivu umenivua nguo mchana kweupe, wenzangu, na shahidi nilimleta mwenyewe.

Maduka ya Kibiti yalikuwa ndiyo kwanza yamejaa tena sabuni za kunukia baada ya miaka ya uhaba. Mume wangu Shamte akaanza kuchelewa shamba, na kabla ya kuingia ndani hupitia kisimani kunawa. Nikachungulia. Anajipaka udongo, anasuuza, kisha maji tena na tena. Nikahesabu mara saba. Nikasema, marashi ya huyo mwanamke yamemkolea!

Ijumaa nikamfuata na shoga yangu Mwanahawa. Kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, tukamsikia Shamte anabembeleza: "Pendo, kaa. Kaa hapohapo, mama. Umeshapona, wiki ijayo unakwenda kwa wenyewe Chumbi. Usinitie aibu."

"Leo atanijua!" Nikachomoka na mchi mkononi.

Akanijua kweli. Mbwa jike mwenye kovu la mguu alinirukia, akanilamba uso mpaka ushungi. Shamte alimwokota barabarani amegongwa na lori, akawa anamfundisha kufukuza nguruwe kabla ya kumpa mkulima wa Chumbi. Alinificha kwa kuwa mbwa nisingemkubali hata mlangoni.

Mwanahawa alicheka hadi akakaa chini. "Mara saba, moja kwa udongo! Na chuoni kwa maalim ulisomeshwa najisi ya mbwa, shoga! Mwanamke gani anaoshwa hivyo?"

Shamte akanisogezea ndoo. "Udongo huo hapo, bibi. Kuhesabu unajua."