Kidevu wa Arobaini

Kaka yangu aliajiriwa kukaa kwenye chumba chini ya ardhi na kuhesabu samaki. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi siku aliponiletea habari hiyo nilicheka hadi nikajichoma sindano. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda mkabala na duka la dawa, na siku hiyo nilikuwa nakunja pindo la suruali ya mtu.

"Samaki wa kula?" nikamuuliza.

"Wa kupita," akasema. "Akipita nabonyeza."

Ndivyo alivyo, maneno yake hutoka kwa kipimo. Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye mizani ya malori pale barabara kuu, na hakuna dereva aliyewahi kumlainisha. Hata mume wangu aliwahi kufika na lori lililozidi kilo tisini tu, akamwambia, "Shemeji, fumba jicho." Kaka akamjibu atafumba yote mawili, akishashusha hizo kilo tisini. Tangu hapo mji mzima unamwita Mizani. Mkewe alivumilia miaka minane, kisha akafungasha, akaja kuniaga: "Wifi, nimechoka kukaguliwa." Sikumlaumu. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ikabaki na mtu mmoja, sufuria moja, na saa ya ukutani ambayo anairekebisha kila Jumapili.

Sasa nieleze habari ya hao samaki, maana nikianza na kaka nitasahau mengine yote. Mto wetu unapita nyuma ya kiwanda cha ngozi. Miaka nenda miaka rudi kiwanda kilimwaga humo maji ya kulowekea ngozi, yale yenye dawa kali, hadi povu likawa linatua kwenye nguo tulizoanika. Na katika mto huu kulikuwa na samaki ambaye, walivyosema wataalamu, kwingine kote alikuwa karibu kwisha. Sisi tulimwita kidevu, kwa sababu ya nyuzi mbili zinazoning'inia chini ya mdomo wake. Watu wa mazingira wakaenda mahakamani. Kesi ikasuasua miaka mitano, mwisho pande zote mbili zikachoka na kukubaliana mbele ya jaji. Kiwanda kijenge mabwawa ya kusafishia maji. Kijenge pia njia ya samaki, ya ngazi ngazi, pembeni ya ule ukuta unaozuia mto, ili kidevu aweze kupanda kwenda kuzaliana huko juu. Wakaweka na kipimo: katika misimu minne ya mvua wakipanda videvu arobaini, mto umepona, faili linafungwa. Wasipofika arobaini, sehemu ya kulowekea ngozi inasimama hadi mabwawa yajengwe upya.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi sehemu hiyo ya kulowekea ngozi. Yeye na wenzake sitini.

Mtu wa kuhesabu alitakiwa aaminiwe na pande zote mbili. Wakili wa kiwanda alitaja watu, wakili wa mto akawakataa. Wakili wa mto akataja wake, yule naye akawakataa. Walishinda hivyo hadi mchana, ndipo karani wa mahakama, kwa njaa yake tu, akasema, "Si mumchukue Mizani?" Hapo wote wawili wakakubali.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ule ukuta, vipandio ishirini na viwili kwenda chini. Kuna dirisha la kioo ukubwa wa mlango wa kabati, na nyuma ya kioo ni maji ya kijani yaliyomulikwa na taa. Kuna stuli moja, na kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Na kuna daftari la mahakama lenye safu nne: tarehe, saa, idadi ya videvu, na idadi ya watu waliokuwamo chumbani. Safu hiyo ya mwisho waliitaka mawakili, asije mtu akaingia kumrubuni. Yote haya nilikuja kuyajua baadaye, maana misimu minne ile sikushuka hata mara moja. Nilikuwa na sare za shule za kushona, nilikuwa na mapazia ya watu. Nilimtumia salamu kwa watoto, na watoto wakasahau kumfikishia mjomba wao.

Msimu wa kwanza wakapita wanne. Wa pili, tisa. Kiwandani wakatundika ubao getini, wakawa wanaandika idadi kwa chaki. Wa tatu wakapita kumi na wawili, na wa nne ulipoanza mume wangu akawa anarudi nyumbani na namba kabla ya salamu. "Mama watoto, thelathini na moja!" Watu ambao hawajawahi kumwona kidevu kwa macho wakawa wanamwombea safari njema. Kaka akipita sokoni wanampigia kelele, "Mizani, tukopeshe basi wawili!" Alikuwa anatabasamu kidogo, anapita zake.

Siku alipopita wa arobaini, mume wangu alinibeba pale kibandani mbele ya wateja. Sitii chumvi, alinibeba juu juu, na mgongo wake ule mbovu. Jioni kaka akaja. Hakukaa. Alichukua utepe wangu wa kupimia akaanza kuuviringisha kidoleni.

"Mdogo wangu," akasema, "ni mmoja."

"Mmoja nani?"

"Kidevu. Wote arobaini ni yuleyule mmoja."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, maana niliogopa kuzimeza.

"Mkia wake una pengo," akaendelea, "kama tiketi iliyotobolewa. Na unyuzi wa kushoto ni mfupi. Anapanda, anakaa huko juu siku kadhaa, anarudi kwa kuporomoka na maji juu ya ukuta, halafu anapanda tena. Dirishani namwona akipanda tu."

"Umejua lini?"

Hapo kaka yangu, mtu asiyefumba jicho kwa kilo tisini, akatazama sakafu. "Msimu wa tatu."

Jamani, nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kama ameweza kunyamaza mwaka mzima, anashindwaje kunyamaza wiki moja iliyobaki mpaka aweke sahihi? Nilimwambia mume wangu ana miaka arobaini na tisa, nani atamwajiri? Nikamuuliza, "Na nani mwingine amemwona huyo samaki? Nitajie mtu mmoja!"

"Hakuna aliyewahi kushuka," akasema.

"Basi! Nani atajua?"

Alirudisha utepe mezani, umeviringishwa vizuri kuliko ninavyouviringisha mimi.

Siku nne baadaye, asubuhi, nilifunga kibanda nikamfuata. Nilitaka nimwone huyo samaki mwenyewe, maana moyoni nilikuwa naomba iwe ni macho ya kaka tu yamezeeka. Kule chini baridi inakuingia kwa nyayo. Akanipa stuli, nikaikataa kwa hasira, kwa hiyo tukasimama wote wawili kama watu waliogombana foleni. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nikachukua daftari, nikitafuta kosa. Idadi ya videvu: sifuri, sifuri, moja, sifuri. Watu waliokuwamo chumbani: moja. Moja. Moja. Nikafunua kurasa nikafunua, misimu minne ya moja tupu kwa mwandiko wake ulionyooka. Nilitafuta japo siku moja yenye mbili, sikuiona. Nikalirudisha daftari mahali pake.

Kisha akaja. Ni samaki wa kawaida tu, wa rangi ya kahawia, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Alisimama mbele ya kioo akihema, na pengo la mkiani nikaliona, na unyuzi mfupi nikauona.

"Umechelewa safari hii," kaka akamwambia.

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu mama yetu afariki. Nilimgeukia, nikaona anamtazama yule samaki usoni, kabisa, kama mtu anayefungua mlango na kumkuta mgeni wake.

"Anatafuta nini huko juu?" nikamuuliza.

"Mwenzake. Anapanda, hakuti mtu, anashuka. Halafu anajipa moyo tena." Samaki akapiga mkia, akapotea upande wa juu. Kidole gumba cha kaka hakikubonyeza. "Nikisema, watakuja kumchukua. Watu wa chuo kikuu wana videvu wengine wanne kwenye matangi ya kuzalishia, walileta barua inayoeleza. Ndiyo maana nilinyamaza. Sikunyamaza kwa ajili yenu, usije ukanipa sifa hiyo. Nilikuwa nataka awe anakuja."

Nililia. Nasema ukweli, sikumlilia yeye. Nilililia nyumba yangu. Nilimshika mashati, nikamwomba kwa jina la mama. Akaniacha nikamaliza, kisha akakaa kwenye stuli, akafungua daftari, akaandika tarehe na saa.

"Usiniandike humo," nikamwambia.

"Ulikuwepo," akasema.

Mahakamani walijaa watu wa kiwanda hadi nje. Kaka alisema yote, hata lile la mwaka mzima aliokaa kimya, na hakujitetea. Wakili wa kiwanda akasimama na daftari mkononi. Safu hii, akasema, ina moja tangu mwanzo, isipokuwa siku hii ya mwisho ambayo kuna mbili. Huyu wa pili ni nani, na alifuata nini?

"Ni dada yangu," kaka akasema. "Alikuja kuniomba ninyamaze."

Watu wote wakageuka kunitazama. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu na sikuwa nimemwambia. Ningepata shimo ningeingia. Kaka angeweza kusema nilimpelekea chakula, nani angempinga? Lakini huyo asingekuwa Mizani. Nilitoka pale nikiapa kwamba sina kaka.

Jaji akaongeza misimu mingine minne, akamwacha kaka aendelee kuhesabu, na sehemu ya kulowekea ngozi ikafungwa. Watu sitini na mmoja wakarudi nyumbani na magwanda yao kwenye mifuko ya nailoni. Mume wangu alihangaika miezi miwili, akakosa, akaenda mbali kutafuta kibarua. Kidevu akaja kuchukuliwa na gari la chuo. Nasikia kaka alisaidia kubeba tangi hadi barabarani, akauliza kama anaweza kumsindikiza, wakamwambia gari halina nafasi. Nasikia pia kinyozi alimnyoa bila kumsemesha, na dukani akawa anahudumiwa wa mwisho hata akifika wa kwanza. Sikumtetea. Watoto walipomtaja niliwanyamazisha. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifaa, maana ilikuwa inanikinga na kitanda kitupu.

Mvua zikarudi. Siku moja mume wangu akapiga simu, tukaongea ya ada na ya bati linalovuja, kisha akacheka kidogo. "Unajua, mama watoto, huku nakaa chumba cha peke yangu. Jana jioni nilitaka kununua sabuni, sauti ikanikwama. Nikagundua sikuwa nimesema neno tangu asubuhi." Halafu akauliza, "Shemeji hajambo?"

Nilisema hajambo. Ukweli ni kwamba sikujua kama yu hai.

Usiku ule nilijaribu kukasirika, ikashindikana. Kila nikifumba macho naona ile safu. Asubuhi nikachukua kiti cha plastiki cha wateja, kile chenye mguu uliofungwa waya, nikakipandisha kichwani, nikavuka mji mzima nacho. Waliouliza ninakipeleka wapi niliwaambia kinawahusu nini.

Vipandio ishirini na viwili na kiti, ukutani kikigonga gwa! gwa!, kaka lazima alinisikia tangu juu. Hakugeuka. Amekonda. Nyuma ya kioo maji yalikuwa yaleyale ya kijani, hayana kitu.

"Wamepita wangapi?" nikauliza.

"Hakuna."

"Tangu msimu uanze?"

"Hakuna hata mmoja."

"Na unakaa kutwa unatazama maji?"

"Ndiyo kazi," akasema. "Mtu lazima awepo, wakipita."

Nikaweka kiti changu kando ya stuli yake, nikakaa. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, ya kumsuta na ya kumwomba radhi, nimeyapanga njiani kwa zamu, yote yakanipotea. Nikamwambia kola ya shati lake imechakaa, aniletee niigeuze. Akasema ataileta. Baadaye sana akasema walimwandikia kutoka chuo: yule wetu ametaga mayai. Nikamuuliza mbona hajamwambia mtu. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

Ilipofika saa kumi na moja akafungua daftari magotini. Akaandika tarehe. Akaandika saa. Kwenye videvu akaandika sifuri, bila haraka. Kisha kalamu ikafika safu ya nne ikasimama, na kaka akanigeukia, ananingoja mimi.

"Niandike," nikamwambia.

Akaandika mbili. Akaupuliza wino ukauke, akaupuliza tena, na ulikuwa umeshakauka.