Mbona Mimi Simo?

Siku Bi Pasi aliporudi kutoka kazini akamkuta mumewe amepiga magoti uani, makalio juu, pua karibu iguse saruji, alidhani mtu amedondosha funguo. Mumewe alikuwa fundi kufuli, na funguo ndiyo ilikuwa kazi yake usiku na mchana. Kisha akaona binti yao naye ameinama hapo hapo, na katikati yao amechuchumaa mdogo wake yeye Bi Pasi, anaonyesha kitu kwa kidole kwenye ufa.

"Dada, njoo haraka uone!"

Walikuwa ni sisimizi. Sisimizi kama thelathini wanavuta bawa moja la kumbikumbi, bawa limesimama wima kama kioo cha dirisha kinachobebwa na mafundi. Wakifika penye kijiwe wanakwama, wanabishana, wanazunguka upande wa pili.

"Sisimizi nimewaona tangu nizaliwe," akasema Bi Pasi. "Chakula kimeiva?"

"Shh!" akasema mumewe, bila kuinua kichwa.

Hiyo shh ndiyo iliyomchoma. Huyu ni mwanamume aliyeishi naye miaka kumi na tisa, ambaye watu walimtania kwamba mdomo wake ndiyo kufuli pekee asiyoweza kuifungua. Leo amepata neno la kusema, na neno lenyewe ni la kumnyamazisha mkewe asiwasumbue sisimizi. Bi Pasi akaingia ndani, akaweka mkoba mezani kwa kishindo. Hakuna aliyekuja kuuliza ana nini.

Jina la Bi Pasi alipewa kazini. Alikuwa mpiga pasi kwenye nyumba moja ya kufulia nguo: chumba kirefu chenye paa la bati, mashine nne zinazonguruma kutwa, na mwisho kabisa, chini ya dirisha, meza yake. Shuka za hoteli, makoti ya madaktari, na mashati, mashati, mashati. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, ndipo mgongo. Mashati tisini kwa siku, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata moja. Jioni magoti yalimwaka moto na ngozi ya vidole ilikuwa imelainika kama karatasi iliyoloa.

Mdogo wake alikuwa karani kwenye shule iliyofungwa ghafla. Alikuja na sanduku moja, akasema anakaa wiki mbili tu apumue. Sasa ulikuwa mwezi wa saba anapumua. Bi Pasi hakuwa na neno juu ya hilo. Mtoto wa mama yako humhesabii siku. Tena hakuwa mvivu. Alipika, alifua, alipiga deki. Ila alifanya yote hayo kama mtu asiyefukuzwa na chochote. Anaosha vyombo, mara anasita na kikombe mkononi, anatazama povu linavyopasuka. Anaanika nguo, mara anasimama nyuma ya shuka iliyoloa, anaangalia jua linavyopenya. Hakuwa na kazi, hakuwa na mume wala mtoto, kitanda alichokilalia ni cha kugawana na binti wa dada yake, na uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini. Bi Pasi alikuwa na vyote hivyo, na taya lilimuuma kwa kuuma meno.

Haukuwa ule wivu wa kumlinda mume. Ule una dawa yake: unamfungia mtu sanduku na kumsindikiza stendi. Bi Pasi alimjua mumewe na alimjua mdogo wake, na hapakuwa na jambo baina yao. Huu ulikuwa wivu wa kitu asichoweza hata kukitaja. Ilikuwa kama mdogo wake anakula kitu kitamu mbele yake kila siku, anamkaribisha kwa roho safi, na yeye akionja haoni ladha yoyote.

Nao ulikuwa wa zamani. Utotoni walikuwa wakitumwa maji pamoja. Mkubwa alirudi na ndoo mbili, moja yake na moja ya mdogo wake, ambaye alikuwa amebaki kisimani akifuatilia kereng'ende. Mkubwa akichelewa, kiboko. Mdogo akichelewa, mama yao anacheka mpaka anajifuta macho: "Huyu mtoto ameumbwa na macho matupu!"

"Na mimi je, mama?" aliwahi kuuliza. "Mimi nimeumbwa na nini?"

"Wewe una mikono, mwanangu. Hebu kalete kuni."

Bi Pasi aliyakumbuka maneno hayo kila alipoinua pasi.

Asubuhi moja ya siku yake ya mapumziko, watu wa nyumbani hawajaamka, aliamua kujaribu. Akachukua kigoda cha mdogo wake, akakiweka mlango wa nyuma pale pale mdogo wake anapokaaga, akaketi na chai yake. Haya, akajiambia, natazama. Akatazama ukuta, rangi imebanduka. Akatazama kamba ya nguo. Imelegea, inataka kukazwa. Akatazama mbingu, itanyesha, na mablanketi bado hayajafuliwa. Ndege mmoja akatua ukutani. Bi Pasi akamkazia macho kwa moyo wote. Ndege akanya, akaruka. Bi Pasi akaondoka kwenda kuchukua maji na brashi.

Siku hiyo hiyo, akitandika kitanda cha binti yake, mkono wake uligonga kitu kigumu chini ya mto. Lilikuwa daftari, la jalada jeusi. Mwandiko wa mdogo wake, mdogo na ulionyooka, mwandiko wa karani. Alijua kwamba si vizuri. Akaketi kitandani, akasoma.

*Chai ya shemeji: mvuke unapanda, ukifika kwenye miwani yake anapotea. Kisha anarudi.*

*Mtoto akipiga miayo, masikio yake yanasogea. Nimehakikisha mara tatu.*

*Mfereji wa nyuma baada ya mvua. Mafuta juu ya maji, rangi zote, na kandambili moja inaelea katikati kama mgeni rasmi.*

*Paka wa jirani ananyeshewa juu ya ukuta na hajali. Au anajifanya.*

Kikohozi cha mumewe kilikuwa na kurasa mbili. Bi Pasi akasoma mbele, akarudi nyuma, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Miezi saba ya nyumba yake ilikuwa mle, mpaka kifuniko cha sufuria kinachocheza maji yakichemka. Yeye hakuwemo. Hata mahali pamoja.

Kesho yake alilichukua daftari, akalipeleka kazini, akalitia chini ya rundo la vitambaa vya kupigia pasi.

Mdogo wake alilitafuta. Aliinua magodoro, akavuta makabati, na Bi Pasi, tuseme ukweli, alimsaidia. Alipiga magoti na kuchungulia chini ya kochi. "Halipo huku," akasema, na halikuwapo kweli. Mdogo wake hakumshuku mtu. "Lipo tu mahali," alisema, akijipangusa vumbi. "Litajitokeza." Utulivu huo ulimkera Bi Pasi kuliko kama angetukanwa.

Wiki mbili zikapita. Jumapili mchana wako mezani wote wanne, fundi kufuli akasafisha koo. Hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Shemeji," akasema, "nikununulie daftari jingine? Mimi nimeshazoea kusomewa."

Kijiko cha Bi Pasi kilibaki hewani. Kumbe alikuwa akisomewa. Kumbe wakati yeye amesimama juu ya magoti yanayowaka moto, nyumbani kwake kuna kikao, watu wanasomeana, wanacheka, na labda binti naye yupo. Akamtazama binti. Binti akatazama sahani. Alikuwepo.

"Mbona mimi simo?" akasema Bi Pasi.

"Humo wapi?" akauliza mumewe.

"Mfereji umo! Paka wa watu yumo! Masikio ya mwanangu yamo, kikohozi chako kimo, tena kurasa mbili! Miezi saba analala ndani ya nyumba yangu, na mimi simo hata mstari mmoja!"

Binti ndiye aliyeelewa wa kwanza.

"Mama," akasema polepole, "kwani ulilichukua wewe?"

Mdogo wake akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake na hakukiokota. Ule uso wa maji ya mtungini ulikuwa umechafuka wote.

"Umelisoma! Umelificha! Unaniona nahangaika nainua magodoro, unanisaidia na kutafuta! Ukaingia mpaka chini ya kochi!"

Bi Pasi alipouona uso ule umechafuka, kitu kitamu kilimpita moyoni. Kumbe na yeye anachemka. Kumbe na yeye ni mtu. Utamu huo haukudumu zaidi ya tonge moja, kisha ukageuka ukawa aibu.

"Unataka kujua kwa nini humo?" mdogo wake akaendelea. "Hukai nikakuona! Nikikutazama, 'unatazama nini?' Nikikaa karibu yako, unanipa kitambaa nifute meza. Niliandika, dada. Nilizichana hizo kurasa kwa sababu zote ni moja. Dada amepita na ndoo. Dada amepita na ufagio. Dada amepita. Ningeandika nini zaidi?"

Akaokota kiti, akakirudisha mahali pake, na sauti ikamshuka.

"Tangu tuko wadogo, kila nikishika kazi nakuta umeshaimaliza. Mama alikuwa akisema, mwacheni huyo, dada yake atafanya. Unafikiri nilifurahi kuachiwa macho tu?"

Akatoka, akaenda uani. Fundi kufuli aliinuka akaanza kukusanya sahani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu harusi yao.

Jumatatu Bi Pasi alifika kazini akiwa hajalala vizuri. Alilitoa daftari kwenye vitambaa. Mvuke ulikuwa umelikunja jalada pembeni. Akajaribu kulinyoosha kwa pasi, na hapo hapo umeme ukakatika.

Mashine zote nne zikanguruma chini, chini zaidi, zikanyamaza. Wafuaji wakatoka nje kupiga soga. Msimamizi akaenda kutafuta simu. Bi Pasi akabaki meza yake ya mwisho na pasi inayopoa, shati la sita mbele yake, mgongo haujaguswa. Hakukuwa na la kufanya. Alitafuta. Alikunja kilichokunjika, akapanga kilichopangika, kisha akakalia mzigo wa shuka kwa sababu magoti yalimtaka akae.

Ndipo akasikia chumba. Miaka kumi na moja hajawahi kukisikia. Bati lilikuwa linalia tik, tik, likipanuka kwa jua. Maji yalikuwa yanadondoka ndani ya mashine iliyosimama, tone, kimya, tone. Na kwenye dirisha lile alilolipa kisogo kila siku, jua lilikuwa limeingia mshazari, na ndani ya mwanga ule nyuzi za nguo zilikuwa zikielea, elfu na elfu, za shuka na makoti na mashati aliyoyapiga pasi kwa mikono yake, hazipandi wala hazishuki. Alipopumua, zikasogea. Akazuia pumzi, zikatulia. Akapumua tena, kidogo tu, na chumba kizima kikapumua naye.

Hakujua alikaa muda gani. Alijua tu kwamba shingo ilikuwa imelegea na taya haliumi.

"Unatazama nini?" akauliza msimamizi kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu," akasema Bi Pasi haraka, kama mtu anayefunika sahani yake.

Umeme ukarudi, mashine zikaanza kelele, naye akamalizia mgongo wa shati.

Jioni alimkuta mdogo wake akichambua maharagwe. Akaliweka daftari mbele yake.

"Lina kovu la mvuke," akasema.

"Nimeona."

"Nimekosa, mdogo wangu."

Mdogo wake akasogea kidogo kwenye mkeka. Bi Pasi akaketi. Walichambua maharagwe mpaka yakaisha, na Bi Pasi hakumpa mtu kitambaa. Lakini juu ya nyuzi zile hakusema neno. Angesema, zingeandikwa; zikiandikwa, zingesomwa, mumewe angefurahi, na zingekuwa za mdogo wake kama kila kitu kingine. Zile alizitaka ziwe zake.

Haikupita miezi miwili mdogo wake akapata kazi, ukarani tena, kwenye mji mwingine. Waliagana vizuri. Fundi kufuli alinuna siku tatu, na Bi Pasi akamwacha anune. Hata yeye nyumba ilimpwaya. Wivu haukuhama na sanduku. Simu ilipopigwa ya kwanza, mdogo wake akaanza kueleza kwamba chumba alichopanga kinatazama mto, dada, na asubuhi kuna ndege weupe wanasimama mguu mmoja, wengi, huwezi kuamini, na Bi Pasi akauma meno kama kawaida. Mto! Mtu amepewa hadi mto!

"Na hapa kuna kitu," akasema.

Kilikuwepo kweli. Nyigu mmoja alikuwa akijenga kwa udongo kwenye kona ya dirisha la kazini. Bi Pasi alikuwa akimfuatilia siku ya nne hiyo, kila mashati kumi anageuka mara moja. Alikuwa ameshamhesabia safari zake za udongo, na alijua mguu upi anaanza nao kusawazisha.

"Kitu gani?" mdogo wake akauliza.

"Kipo tu."

"Dada! Kitu gani? Wapi? Nyumbani?"

"Sikwambii."

"Ah, dada, usinifanyie hivyo! Niambie kidogo tu. Ni mnyama? Kinatembea?"

Bi Pasi akaibana simu kwa bega ili mikono ipate nafasi. Hakuwa na kazi yoyote mikononi. Akatabasamu peke yake, kwa uovu kidogo na kwa raha nyingi.

"Pata likizo," akasema, "uje ujionee mwenyewe."