Sumaku ya Baba

Juzi, njiani kwenda Runzewe, nilimwona mchimbaji akipitisha sumaku juu ya beseni la plastiki. Mchanga mweusi uliirukia, dhahabu ikabaki chini.

Baba yangu alikuwa na sumaku kama ile. Mchana mmoja aliiacha mezani akaenda kuoga kabla ya kurudi machimboni Bulyanhulu. Mama alikuwa shambani, kwenye pamba. Nyumba ilinuka vumbi na mafuta ya taa, na nilisikia maji yakimwagika uani. Nikazungushia msumari waya wa shaba kama tulivyoonyeshwa shuleni, nikaunganisha na betri za redio. Sumaku nikaining'iniza kwa uzi, kisha nikaisogezea msumari. Ikaufuata. Nikageuza betri. Sumaku ikarudi nyuma, kama mtu anayekataa kushikwa mkono.

Nikajua nimeiharibu. Niliirudisha mezani haraka.

"Sumaku yangu nzima?" baba aliuliza, akiifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Nzima, baba."

Akapanda bodaboda. Hakurudi tena. Waliotoka huko walituambia wamemwona, hajambo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba sumaku iliukataa mchanga mweusi, dhahabu yake ikawa haisafishiki, naye akaona aibu kuja nyumbani mikono mitupu.

Sasa nafundisha fizikia. Najua ukigeuza betri msumari husukuma, na sumaku haidhuriki hata kidogo. Wanafunzi hushangilia wakiliona jambo hilo. Mimi hutazama dirishani, kwa sababu sumaku ya baba ilikuwa nzima.