Chenza la Pili

Hadi nilipofika miaka tisa sikuwahi kupewa kitu kimoja bila cha pili. Mimi ni Kabange, wa pili katika mapacha. Wa kwanza ni dada yangu Kyungu. Kwetu Kamina majina hayo mzazi hayachagui, mtoto huja nayo. Ukimpa Kyungu muwa, na Kabange apewe muwa. Ukimnyima mmoja, wazee walisema, aliyenyimwa ataugua, na akiona uchungu sana atarudi alikotoka. Watu wazima walilijua jambo hilo kama wanavyoijua njia ya sokoni. Jirani akinikuta na karanga mkononi, aliniuliza kwanza mwenzangu yuko wapi, salamu baadaye.

Mwaka ule shule yetu ya kanisa ilitupeleka kutembelea bustani ya zamani, ile iliyo nyuma ya nyumba za wakubwa wa reli wa enzi za Wabelgiji. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika. Kyungu aliamka na homa akabaki kitandani. Kaku, yaani bibi yetu mzaa baba, alinishika mkono mlangoni.

"Kama bakupatia kintu kule, lomba ya pili," akasema. "Sema weye uko mapasa. Umesikia?"

Nikasema nimesikia, nitaomba la pili.

Mwalimu alitupitisha kwenye vijia vya matofali, akitusomea vibao vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mikaratusi na miti mingine iliyoletwa kwa treni kutoka mbali. Upande wa mbele miti ilisimama kwa mistari. Upande wa nyuma wazungu waliacha kipande cha pori kama walivyokikuta, na humo kulikuwa na giza hata saa sita mchana. Nilitembea taratibu. Hakuna aliyeniita mapasa, yaani pacha. Mlinzi mzee wa bustani, ambaye hakunijua, alitupanga mstari akampa kila mtoto chenza moja. Aliponifikia nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Nilitaka kuwa mtu mmoja, japo kwa muda wa kula chenza. Nikalila lote, nikanyonya hadi mbegu. Sijala tena kitu kitamu kama kile, na nasema hivyo kwa aibu.

Niliporudi nyumbani Kyungu hakunitambua. Macho yalikuwa yamepinduka, meno yanagongana. Baba, fundi wa depo ya reli, alikuwa ameitwa kutoka kazini, na sasa alikuwa anamfunga kitenge ili ampeleke hospitali kwa baiskeli. Kaku alinitazama mimi, si mgonjwa.

"Balikupatia nini kule?"

"Habakutupatia kintu, Kaku."

Mikono yangu ilinuka maganda. Najua aliisikia ile harufu.

"Mama, ile njo malaria," Baba akasema. "Wacha mutoto." Akasukuma baiskeli, Mama akimshikilia Kyungu kwa nyuma, na Kaku akawafuata.

Mimi nilikimbilia bustanini. Kwa akili ya miaka tisa niliona hivi: chenza la pili likimfikia Kyungu kabla hajaondoka, tutakuwa sawa tena. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Nikazunguka, nikaingilia porini. Majani makavu yalipiga kelele chini ya miguu yangu, na kila niliposimama kuvuta pumzi nilisikia kama kuna anayetembea sambamba nami, naye anasimama. Nikajua ni nani. Ameshatoka mwilini, anakuja kuchukua lake. Sikuthubutu kugeuka.

"Kyungu, ngoya," nikasema kwa sauti. "Ninakuletea."

Nikatokea kwenye michenza, nikarukia tawi, mwiba ukanichana shavu, nikachuma moja. Mlinzi alinipigia kelele kutoka mbali. Sikuwa na muda wa kumweleza.

Hospitali nilimkuta Kyungu amelala kimya, maji ya dawa ya kinini yakidondoka kwenye mshipa wa mkono. Nilidhani nimechelewa. Nikaliweka chenza kwenye kiganja chake, kikaniunguza kwa joto, nikashukuru. Kisha nikasema mbele ya wote, "Nilikula yangu peke. Nilikatala kulomba ya pili." Mama akaanza kulia. Kaku akavikunja vidole vya Kyungu juu ya chenza, kimoja kimoja, akavishikilia hadi jioni.

Kesho yake homa ilishuka. Baba alisema ni kinini, Kaku hakubishana naye. Mimi niliamini najua kilichomrudisha dada yangu, na nilijua pia ni nani aliyetaka kumfukuza. Nilitembea na jambo hilo zaidi ya miaka thelathini. Leo mimi ni mwalimu, nawafundisha watoto habari za mbu na vyandarua, na hata hivyo halikuniachia.

Mwaka jana Kyungu alikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, tukaenda bustanini pamoja. Vibao vingi vimeng'olewa, na wachoma makaa wamelipunguza pori. Tuliketi kwenye kisiki nikamweleza yote. Habari ya chenza aliijua tangu zamani. Kwamba nilifurahi kuwa bila yeye, hiyo hakuijua mtu. Alichorachora chini kwa kijiti.

"Minyi nilifurahi kukupita," akasema. "Ulipotoka asubuhi, kitanda yote ikakuwa ya minyi. Nikalomba Mungu usirudiye. Kisha homa ikapanda. Nikazania njo malipo."

Nilimkasirikia kidogo, kisha nikamhurumia, kisha nikatuhurumia sote wawili. Kaku alijua kwamba mapacha wapewe sawa. Sijui kama aliwahi kufikiri kwamba watachokana sawa pia, na kila mmoja atajificha na uchovu wake akidhani ni mwovu peke yake. Nikamwuliza kama bado kuna siku anaomba nisirudi.

"Siku moya moya," akasema.

"Hata minyi," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuogopa kwamba kusema hivyo kutamwua.