Honi ya Volti Sita

Shangazi yangu haulizi swali moja. Ukimwambia mvua itanyesha, atataka kujua nani kasema, amejuaje, na kama mtu huyo amewahi kukosea. Kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, alikofanya kazi tangu usichana wake mpaka akastaafu, walimwita Bi Kwanini, na jina likamfuata hadi nyumbani. Halimuudhi hata kidogo. Husema kuuliza si ujinga, ujinga ni kukaa na swali tumboni mpaka likachacha.

Anaishi vyumba viwili vya nyuma, sisi tunaishi vya mbele, na katikati ya ua, chini ya paa la mabati, linakaa gari. Lilikuwa la Babu, mzee wao Baba na Shangazi, gari la taa za duara na milango inayofunguka kinyume. Aliwaachia wote wawili bila kusema nani achukue nusu ipi. Mimi sikuwahi kulipenda. Tangu utotoni nimefundishwa kazi moja tu juu yake, nayo ni kulisukuma.

Ugonjwa wake, tulivyoamini sote, ulikuwa betri. Magari ya leo yanatumia betri ya volti kumi na mbili, lakini hilo liliundwa kabla ya mtindo huo kuingia, nalo linataka sita. Betri ya sita huioni ovyo madukani. Ukiiona, ama bei yake inakutoa machozi, ama imekaa rafuni mpaka imezeeka kabla ya kufanya kazi. Baba alikuwa ameshazika betri kadhaa. Kila moja ilianza kwa matumaini, ikalia nyeee, nyeee, kisha kimya. "Betri za siku hizi si betri," alikuwa akisema, "ni maboksi ya mapambo." Halafu ananiita nije kusukuma.

Mara ya mwisho tulipolisukuma, kiuno kilimkamata Baba katikati ya barabara, mbele ya majirani, akabaki ameinama hivyo hivyo hadi ndani. Kesho yake, akiwa amekaa na chupa ya maji ya moto mgongoni, akatangaza uamuzi. Jumamosi angekuja fundi umeme wa magari, ambaye mtaa mzima humwita Mkasi kwa kuwa hajawahi kuona waya asitamani kuukata. Angeng'oa kila kitu cha volti sita, kuanzia dainamo na stata hadi taa, aweke vya kumi na mbili.

"Na honi?" Shangazi akauliza.

"Honi nayo, Dada. Ukiitia kumi na mbili itaungua. Tutaweka mpya."

Shangazi hakuuliza swali la pili, na hapo ndipo nilipojua kwamba limemgusa.

Honi ya gari lile hailii piii. Inakohoa kwanza, halafu inaguna, kama mzee anayebisha hodi. Babu alikuwa akiipiga mara moja tu, pale kwenye kona, akirudi kutoka kazini jioni. Wanawe wawili wakiisikia, wanatupa walichoshika na kukimbilia geti. Atakayetangulia kulifungua ndiye atakayekaa kiti cha mbele kesho yake. Shangazi alikuwa mkubwa na mwenye miguu mirefu, kwa hiyo Baba alimaliza utoto wake kwenye kiti cha nyuma akitazama kisogo cha dada yake. Huwa anakisimulia kisa hicho kwa kucheka, lakini anakisimulia mara nyingi mno.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," Shangazi akasema. "Nikileta betri ya sita ya kutegemewa, kwa bei isiyotuumiza, na gari likawaka, basi halikatwi hata uzi."

"Na lisipowaka?"

"Mkasi afanye kazi yake. Sitalalamika."

"Wewe?" Baba akasema, akajishika kiuno maana kicheko kilimuuma.

Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kigari kinachowaka, nikageuka dereva wa msako. Sikufurahi. Moyoni nilikuwa upande wa Baba, na nilikuwa nimepanga kulala.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo na baridi. Kijana aliyefunga tai akatuletea betri ya volti sita iliyoenea kiganjani. Shangazi akaigeuza huku na huku.

"Hii inawasha nini, mwanangu?"

"Pikipiki, mama."

"Na mimi nimekuambia nina nini?"

La pili, muuzaji alitushauri tununue ya kumi na mbili tu, halafu tuchukue umeme wake nusu. Shangazi akataka kujua ile nusu nyingine itakuwa inafanya nini muda wote huo. Muuzaji akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

La tatu walikuwa wakiuza mashine za kusugulia sakafu, zile alizozizoea hospitalini, na humo tukakuta betri ya sita hasa, nzito, mpya, bei ya kuzungumzika. Nikashusha pumzi. Lakini Shangazi akaiinamia, akauliza: "Hii inatoa nguvu kidogo kidogo kutwa nzima, au inazitoa zote kwa pigo moja?" Muuzaji alikuwa mtu mkweli, akasema ni kidogo kidogo. Stata inayoamsha injini ya gari inataka pigo. Isitoshe, Shangazi alitoa kwenye mkoba kipande cha uzi chenye mafundo, alichopimia nafasi ya betri nyumbani, akakuta ile ni ndefu kiasi cha kuzuia boneti kufunga. Tukatoka mikono mitupu.

Njaa ilikuwa inaniuma. "Shangazi, kubali yaishe."

Alikuwa ananitazama lakini hanioni. "Hivi," akasema, "ni kitu gani kingine cha umri wa gari letu ambacho mpaka leo kinaamka asubuhi na kwenda kazini?"

"Trekta," nikajibu bila hata kufikiri, ili anyamaze.

Akanipiga kofi la paja. "Ndiyo maana nilikuzaa."

"Ulinizaa lini, Shangazi?"

"Nyamaza, endesha."

Duka la spea za matrekta lilikuwa nyuma ya soko la nafaka, limejaa harufu ya grisi, na mwenyewe alikuwa bwana mnene aliyevaa miwani kwenye paji la uso. Tulipotaja volti sita hakushangaa wala hakucheka. Aliingia nyuma, akarudi amekumbatia betri nyeusi. Matrekta ya zamani bado yanaitumia, akasema, na wakulima hawanunui kitu kisichowaka, kwa hiyo haikai sana rafuni.

Basi Shangazi akaanza. Imetengenezwa lini? Tarehe imepigwa chapa wapi? Mbona vumbi? Ikifa mapema, nitakurudishia wewe au nitaambiwa mwenye duka kasafiri? Yule bwana akashusha miwani machoni, akaibana betri kwa kipimo kinachoibebesha mzigo. Sindano ikashuka kidogo, ikasimama imara.

"Kwa nini imeshuka kwanza?"

"Mama, hata wewe ukibebeshwa gunia utainama kidogo. La muhimu ni kwamba hukuanguka."

Jibu hilo lilimpendeza mno Shangazi, akalirudia njia nzima. Kuhusu bei, bwana yule alipunguza kuliko tulivyotarajia. Nadhani alikuwa ananunua mapumziko.

Jumamosi Mkasi alifika asubuhi na begi lake la vifaa, na betri mpya ya kumi na mbili akaiweka chini karibu na mguu wake. Baba aliketi kwenye stuli. Shangazi akaitia betri yetu mahali pake, nao uzi haukuwa umedanganya, ikakaa sawasawa. Nikakaza vichwa vya waya. Akapanda, akajiweka vizuri kwenye kiti, akavuta kitufe cha stata.

Nyeee. Nyeee. Kimya.

Akavuta tena. Nyeee, halafu hata hiyo nyeee ya pili haikuja.

Nilipaswa kufurahi, maana siku zangu za kusukuma zilikuwa zinakwisha. Lakini nikaiona mikono ya Shangazi juu ya usukani, haifanyi kitu, na nikaingiwa na huruma. Baba hakusema "nilikwambia." Laiti angesema. Alitazama chini tu, naye Mkasi akafungua zipu ya begi.

Shangazi akashuka. Kweli hakulalamika. Akaenda kusimama mbele ya injini iliyo wazi, kama mtu anayeaga, na mkono wake ukaanza kufanya wenyewe kazi uliyoizoea. Kule kwenye chumba cha kufulia, mtu anayeshika zamu alikuwa akipitisha kiganja juu ya waya wa kila pasi, tangu kwenye plagi hadi kwenye mpini. Wenyewe walisema pasi isiyopata moto usiikimbilie kuilaumu, pengine waya unaula ule moto njiani. Shangazi alifanya hivyo miaka yake yote ya kazi, na sidhani kama pale uani alikuwa anachunguza chochote. Alikuwa anaupapasa tu ule waya mwekundu unaotoka kwenye betri.

Mkono ukasimama. Akauondoa, akaugusisha kwenye betri. Akaurudisha kwenye waya.

"Mdogo wangu," akasema, "niliahidi kutolalamika. Kuuliza sikuahidi."

"Uliza, Dada."

"Kwa nini betri ni ya baridi na waya una moto?"

Mkasi akasogea, akaugusa, akaurudisha mkono wake haraka. Akazitazama zile nyaya nyekundu, nyembamba, safi, zilizobanwa kwa vibanio vidogo kila hatua. "Nani alizifunga hizi?"

Baba akainua macho kwenye mabati.

Kumbe ni yeye. Mwaka alipolipaka gari ile rangi ya maziwa, aliona aibu kuziacha nyaya za zamani, nene, nyeusi, za kutisha. Akaenda duka la spea za magari ya kisasa, akanunua nyekundu mpya, akazinyoosha vizuri, akawaita majirani waje kutazama. Hata mimi nakumbuka nilizisifu.

Mkasi akatueleza bila majivuno. "Ni sawa na maji. Yakiwa na nguvu, bomba jembamba linatosha. Yakiwa hayana nguvu na unataka ndoo ijae haraka, lazima bomba liwe pana. Volti sita ni maji yasiyo na nguvu. Hizi nyaya ni za kumi na mbili. Umeme wote unaishia humu kuupasha waya moto, stata inapata makombo."

"Kwa hiyo zile betri zote nilizotupa," Baba akaanza.

"Zilikuwa nzima."

Baba akainuka kwenye stuli, akaja kuweka mkono juu ya ubavu wa gari, akauacha hapo. Nilidhani Shangazi atamla mzima. Badala yake akaanza kucheka, kwanza mabegani, halafu mwili wote, mpaka akajishika kwenye boneti.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akijifuta macho. "Wala usijione peke yako, mdogo wangu. Mimi nimeuliza mji mzima. Nimeuliza hadi wauza matrekta. Waya ulioko hapa nyumbani, na kupapasa waya ndiyo kazi ya mkono wangu huu, sikuuliza."

Mkasi tuliyemwogopa akavuka barabara kwenda kwa jirani anayechomelea mageti, akarudi na kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, mnene kama kidole gumba. Akaukata vipande viwili kwa raha zake zote, maana hatimaye alipata cha kukata, akavifunga vichwa, akavikaza kwenye betri. Vilikuwa vibaya kuvitazama. Safari hii Baba hakuwaita majirani.

Shangazi akavuta kitufe. Injini haikulia nyeee. Ilishtuka, ikapiga chafya ya moshi, ikashika mwendo, na mabati yakaanza kutetemeka juu yetu. Shangazi alibaki amekaa anasikiliza, kichwa ameinamisha upande. Kisha akaondoa breki ya mkono.

"Nazunguka mtaa," akasema. "Wewe kiuno chako kipumzishe."

Nikalifunga geti nyuma yake kwa ajili ya vumbi. Tukasimama uani, Baba, Mkasi na mimi, tukiufuata mlio kwa masikio, ukipita nyuma ya shule, ukipungua, ukipotea.

"Limezima?" Baba akauliza.

Mkasi akatikisa kichwa kwamba hajui. Nikajikuta naomba kimoyomoyo, mimi huyu, kwa ajili ya gari lile.

Ndipo kwenye kona kitu kikakohoa, halafu kikaguna.

Niligeuka kwenda kufungua, lakini nilikuta nafasi imeshachukuliwa. Mtu ambaye wiki nzima alikuwa akiomba kupelekewa chai kitandani alikuwa keshafika getini. Alichomoa komeo, akasukuma bawa moja, akarudi akasukuma la pili, akasimama kando akitweta, kifua mbele. Gari likaingia taratibu, likasimama usawa wake.

Baba akazunguka hadi mlango wa abiria, akaufungua.

"Leo nimewahi mimi," akasema.

Shangazi akaegemea usukani. "Nani shahidi?"

Nikanyoosha mkono. Shangazi akauchukua mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha mbele, akautupa nyuma.