Ngumi Iliyofunguka Dodoma

Nilitoka Mlali kwa sababu ya mkono nisiokuwa nao. Mkanda wa mashine yangu ya kukamua alizeti uliuchukua wa kulia, karibu na kiwiko. Kidonda kikapona. Lakini ngumi tuliyoizika nyuma ya zizi iliendelea kukaza, kucha zikichoma kiganja ambacho hakipo. Anayesema ni wazimu, yasimkute.

Asubuhi mapema tulipanda basi, mimi na mke wangu, Mama Neema. Alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa njia nzima hadi Kibaigwa. Mwaka mwingine ningezihesabu kwa magunia.

Dodoma tulifikia Nkuhungu, kwa shemeji yangu. Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wangu.

"Shikamoo, baba. Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?"

"Marahaba. Mbili."

Jandoni tulifundishwa kisu kipite na jicho lisipepese. Sikuwa na namba nyingine ya kumpa.

Akafunga faili. "Kwa mbili, baba, rudi nyumbani. Mashine yetu ya kutuliza maumivu ni ya wale ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia."

Mama Neema akaguna. "Mbili? Huyu ametafuna blanketi mpaka limebaki leso. Mzee, jando lilikwisha. Sema, au unirudishe kwetu."

Nikatazama sakafu. "Tisa."

Daktari akanifunga kichwani sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi, zenye waya mwembamba. Umeme naujua, ule wa mashine yangu unaua ng'ombe. Huu wake ulitoka kwenye betri ndogo, ukatembea juu ya ngozi kama siafu mmoja.

"Ubongo wako bado umeushika ule mkono, baba," akasema. "Tunaubembeleza uuachie."

Siku ya kwanza, bure. Ya tatu, bure. Siku ya saba, nimekaa kwenye kiti kile kile, kidole gumba kikalegea. Kikafuata cha shahada. Vidole vilivyooza ardhini vikafunguka kimoja kimoja, nami navisikia. Kumbe Mungu alimwekea mtu mkono wa pili kichwani, na binti yule anajua mlango wake ulipo.

Siku ya kumi na moja tukapanda basi la kurudi. Maumivu hayakuisha yote. Daktari alisema yakizidi nirudi. Kwa darasa langu la tatu nimejenga mashine, nyumba na jina. Kusema naumia nimejifunza uzeeni, na kwa shida.

Tulipopita Kibaigwa Mama Neema aliniuliza ni ngapi.

"Nne," nikasema. Na ilikuwa nne.