Kenge wa Kibiti na abiria asiyeshuka

Gari linasimama katikati ya barabara, mbele ya korongo, na hakuna anayeuliza kuna nini. Milango inafunguka. Abiria wanateremka, wanawake wanakusanya mabuibui mkononi, mzee mmoja anapandisha kanzu hadi magotini. Kijana mwenye redio begani anakwenda nyuma, anafungua buti na kuanza kutoa makumbi ya nazi.

Ni asubuhi, kati ya Kibiti na Ikwiriri. Malori yaliyopita jana yameacha mifereji miwili ya tope, na kwa lori mifereji hiyo si kitu. Kwa gari la Saadi Mbonde, ambalo tumbo lake liko upana wa kiganja tu kutoka ardhini, huo ni mto.

Saadi anavua viatu, anaingia kwenye tope na kulipapasa kwa nyayo, kwanza upande huu, kisha ule. "Hapa pana jiwe," anasema. "Wekeni mengi hapa." Makumbi yanapangwa, Saadi anarudi kwenye usukani. Maimuna, mama muuza dagaa wa Kibiti, anapiga magoti mbele ya gari, anainamisha kichwa mpaka ushungi unakaribia kugusa udongo, anachungulia chini ya tumbo la gari.

"Njoo! Njoo! Kulia kidogo, kaka Saadi. Hapo hapo. Bismillahi, njoo!"

Gari linajikokota. Bati lililofungwa chini, ambalo zamani lilikuwa mfuniko wa pipa la lami, linakwaruza jiwe. Kisha matairi ya nyuma yanapanda ukingo wa pili, na barabara nzima inapumua.

Katika kiti cha mbele amebaki mwanamke mmoja. Hakushuka. Amekumbatia mikeka yake, anatazama mbele, na wenzake wanaorudi na miguu ya tope hawamsemeshi neno juu ya hilo. Ndiyo desturi ya gari hili: wote hushuka isipokuwa yeye.

Mwandishi wa makala haya, aliyelipa nauli yake ya shilingi elfu moja na mia tano na kukabidhiwa kumbi lake kama wengine, alibaki mdomo wazi. Nchi hii ina abiria wa kila namna, wanaotukana dereva na wanaochana viti kwa wembe. Abiria wanaotoka nyumbani na kumbi la nazi kwapani ili gari la mtu mwingine lisiumie, hao ni wa hapa.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani rangi ya maziwa. Saadi, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili, mtoto wa Wamatumbi walioteremka kutoka milimani kulima korosho Kibiti, alilinunua Dar es Salaam mwaka 2000, miaka mitatu iliyopita. Korosho zilikuwa zimepata bei, na magari ya mitumba yalikuwa yamejaa kila uwanja tangu biashara ilipofunguliwa. Lilikuwa limeegeshwa kwenye sakafu ya saruji, linang'aa.

"Nililiona limekaa chini, mie nikadhani matairi hayana upepo," anasema Saadi na kucheka mpaka anashika usukani kwa mikono miwili. "Nikalipa. Nikaenda kituo cha mafuta nikamwambia kijana, jaza upepo. Akajaza. Gari liko vile vile. Nikamwambia, ongeza. Akaniambia, mzee, tairi zitapasuka, hili gari limeshushwa. Vijana wa huko kwao wanakata springi kwa urembo."

Saadi aliuliza ni urembo gani huo wa kuburuta tumbo. Alirudi kwa muuzaji, naye akamwonyesha kibao ukutani kilichosema mali ikishauzwa hairudishwi. Maji ameshayavulia nguo, ikabidi ayaoge.

Alipoingia Kibiti siku hiyo, ekzosi ilikuwa imekaa kiti cha nyuma kama abiria, na gari linanguruma kama mashine ya kusaga. Watoto walilikimbilia wakipiga kelele, "Kenge! Kenge huyo!" Jina likaganda. Leo hata wazee wenye heshima zao huuliza bila aibu, "Kenge amepita?"

Kinachompata Kenge barabarani kingemtoa machozi mwenye moyo mwepesi. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, imetobolewa na mawe na kuchomelewa hadi haijulikani ipi ni sampo na ipi ni viraka. Bampa la mbele liling'oka kwenye tuta la kwanza kabisa, na sasa liko nyumbani, ambako Hafsa, mke wa Saadi, analitumia kuzuia kuku wasiingie jikoni. Masika, ekzosi hufunguliwa na kusafiri ndani ya buti. Siku njema Saadi hubakiwa na shilingi elfu nane baada ya petroli, na jiwe moja tu linaweza kuzimaliza zote kabla ya adhuhuri.

"Sisi tunakula kwa gari hili, na gari linakula kwetu," anasema Hafsa. "Mgeni akija namwambia, karibu, tuko watano, na wa sita yuko nje."

Fundi wa Kenge ni Huseni, mwenye gereji nyuma ya soko la Kibiti. "Gari hili nalijua kwa chini kuliko kwa juu," anasema Huseni, huku akijifuta mikono kwa kitambaa kilicho cheusi kuliko mikono yenyewe. "Nikikutana nalo njiani silitambui vizuri mpaka liinuliwe jeki."

Msomaji atauliza, na ni haki yake: kwa nini lisinyanyuliwe? Springi ndefu zipo, mafundi wapo. Jibu ni kwamba liliwahi kunyanyuliwa. Na hapo ndipo anapoingia yule mwanamke wa kiti cha mbele.

Anaitwa Mwanaheri. Ni mfumaji wa mikeka ya ukindu, na yeyote aliyewahi kulalia mkeka wake atakuambia rangi yake haichuji hata ukifuliwa. Aliugua akiwa mtoto mdogo, miguu ikalegea, haikurudi tena. Hutembea kwa mikono, viganja vyake vimevaa kandambili, na kwa mwendo huo ameolewa, amezaa na amejenga.

Kabla ya Kenge, siku za gulio la Ikwiriri alipanda malori. Alinyanyuliwa na wanaume, akapakiwa. "Ukibebwa, wanaokubeba wanazungumza juu ya kichwa chako kama vile hupo," anasema. "Siku moja utingo mpya akauliza, mzigo huu unashuka wapi? Alikuwa ananionyesha mie, si mikeka. Toka siku ile nikaacha kwenda gulioni, mikeka nikawauzia wachuuzi kwa bei waitakayo wao."

Siku Saadi aliposimama mbele ya nyumba ya Mwanaheri kuuliza njia isiyo na mashimo, mwenyewe alikuwa barazani. Alilitazama gari. Kiti cha mbele kilikuwa na kimo sawasawa na cha kigoda anachofumia. Akatambaa mpaka pale, akaweka kiganja kimoja kizingitini mwa mlango, kingine kwenye kiti, akajirusha. Akaketi. Akafunga mlango mwenyewe.

"Akaniambia, haya Baba Johari, twende," anakumbuka Saadi. Johari ni bintiye mkubwa. "Hata sikuwa nimesema naenda wapi."

Basi mwaka wa pili Saadi alichoka na mawe. Akamwambia Huseni afunge springi ndefu. Juma zima Kenge alipita kila mahali, hakugusa kitu, na Saadi akalala usingizi wa watu. Likaja gulio. Gari likasimama mbele ya baraza ya Mwanaheri.

Aliweka kiganja kizingitini. Akajisukuma, hakufika. Akajaribu tena. Vijana wawili wakaruka kutoka kiti cha nyuma kumsaidia, akainua mkono. "Msiniguse," alisema. Kisha akavaa kandambili zake mikononi, akageuka. "Nendeni tu. Leo sina mikeka mingi."

"Mikeka ilikuwa pale, imefungwa, naiona," anasema Saadi. Anapofika hapa hacheki tena. "Nilikwenda Ikwiriri, gari linaelea, hakuna hata kokoto iliyogusa. Na sikuwa na raha. Nilitamani lipige jiwe."

Jioni ile ile alirudi gereji. Huseni anasema alidhani mwenzake amerogwa. "Nilimwambia, Saadi, watu wanalipa ili gari lipande juu, wewe unalipa lishuke? Akanijibu, rudisha kama lilivyokuja. Nikarudisha."

Mwanaheri hakushukuru kwa maneno. Gulio lililofuata alipanda, akaketi, na gari lilipofika kwenye korongo la kwanza akawaambia abiria wenzake kwamba nyumbani kwake kuna makumbi ya bure, mtu achukue moja akipita. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Haba na haba, sehemu mbaya kupita zote imejaa, na siku hizi hata malori yanapita juu ya makumbi ya Kenge bila kusema ahsante.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo makumbi hayakusaidia kitu, napo ni Ndundu, kwenye kivuko.

Mama yake Mwanaheri, Bi Salima, yuko Chumbi, ng'ambo ya mto Rufiji. Zamani alikuwa akivuka yeye kuja Kibiti kumwona binti yake. Sasa ni mtu wa kitandani, na ni mwaka wa tatu hawajaonana. Saadi alijaribu kumvusha Mwanaheri kwa pantoni. Pua ya gari ilikita kwenye ulimi wa pantoni, mkia ukabaki kwenye tope, Kenge akaning'inia hivyo huku foleni ya malori ikipiga honi. Wanaume walilishika na kulirudisha nchi kavu. Mwanaheri alikuwa ndani muda wote, anautazama ukingo wa pili.

"Ningekubali kubebwa," anasema. "Kwa mama, ningekubali hata kuitwa mzigo. Nikamtumia salamu kwamba nakuja mgongoni mwa mtu. Yeye ndiye aliyekataa."

Anapitisha ukindu mmoja juu ya mwenzake.

"Mama alinibeba mpaka nikawa mkubwa kuliko mzigo wa kuni. Siku aliponitua aliniambia, mie ndiye wa mwisho kukubeba, baada yangu utakwenda mwenyewe. Basi akanijibu, neno langu ni lile lile. Njoo mwenyewe, nakungoja."

Sasa daraja linamaliziwa. Liko pale Ndundu, refu kuliko kitu chochote ambacho macho ya watu wa huku yamepata kuona, limenyooka juu ya maji na mabwawa, halina ulimi wala tope. Watu wa Kibiti hulizungumzia kwa sauti ya chini, kama wanaozungumza msikitini. Magari ya kawaida bado hayajaruhusiwa. Wanaambiwa ni karibuni, na karibuni hiyo ndiyo inayomnyima Saadi usingizi.

Huseni amemwonyesha ufa, mahali springi ya mbele inaposhikana na bodi. Umechomelewa, ukafunguka, ukachomelewa tena. "Nachomelea kutu juu ya kutu," anasema fundi huyo. "Ananiuliza, litafika siku ya daraja? Namwambia mie ni fundi, sipigi ramli. Na Bi Salima naye, waliotoka huko wanasema anakula uji vijiko viwili."

Kwa hiyo Saadi ameacha safari za jioni. Amekataa mizigo ya mchele, amekataa harusi mbili, na anaendesha kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi limejaa. Kipato kimeshuka karibu nusu. Hafsa anajua sababu, na alipoulizwa anaionaje, alijibu kwamba kuku nao wamepungua mayai na wala hajawafukuza.

Mchana, baada ya gulio, Saadi anakwenda Ndundu kuchukua abiria wanaoshuka kwenye pantoni. Mwanaheri anaomba kwenda naye. Anafanya hivyo kila safari, alitazame daraja. Gari linaegeshwa pembeni, yeye anashusha kioo, anaegemeza kiwiko. Kwa kweli hakuna pa kuliangalia daraja lile pazuri kuliko kutoka chini pale, kwenye kiti cha Kenge, ambapo linaonekana limeshika mbingu. Mwandishi alichuchumaa kando ya mlango ili aone anachokiona yeye, akasahau maswali aliyokuwa ameyaandaa.

Pantoni inatia nanga. Maimuna, aliyevuka asubuhi na ndoo zake za dagaa, anapanda ukingo akihema, ndoo tupu kichwani.

"Umemwona?" anauliza Mwanaheri.

"Nimemwona, da Mwanaheri. Mwili haupo, maneno yapo." Maimuna anaitua ndoo, anajifuta jasho kwa ncha ya ushungi. "Tena amekuja na amri mpya. Anayekwenda kumjulia hali asimpelekee sukari. Ampelekee kumbi la nazi."

Saadi, aliyekuwa amelala chini ya gari akiukagua ufa, anatoa kichwa nje.

"Wallahi," anasema Maimuna. "Baraza limejaa. Kasikia habari za gari hili linavyopita. Vijana wa Chumbi wameshaanza kuyatandika kutoka barabara kubwa kuelekea kwake, yeye anawaamuru kutoka kitandani, dirisha liko wazi. Anasema gari la mwanangu tumbo lake liko chini, lisije likaumia mlangoni kwangu."

Mwanaheri anatazama kandambili zake mbili zilizo sakafuni mwa gari, mahali ambapo abiria wengine huweka miguu.

"Yamefika wapi?"

"Yamekaribia mlango."

"Ukivuka tena mwambie wasiyafikishe mlangoni kabisa," anasema. "Waache nafasi. Hapo nitashuka."